Mwali Aliyepakwa Nta

Sogeeni. Nanyi mlioko huko nyuma sogeeni, mimi sipigi kelele kwa ajili ya mvivu wa kujongea. Mpo?

Basi kama nyie mpo, na jua lilikuwapo. Lilikuwapo kale, kale ya kale, enzi lilipokuwa jirani wa ukuta mmoja, ukilisengenya linasikia. Na lilipokuwa likisikia, lilikuwa likilipiza.

Enzi hizo palikuwa na nchi ya Kiangamo, nyuma ya milima, bondeni kabisa, mahali ambapo adhuhuri hata mbuzi hakuvuka uwanja ila kwa fimbo. Na huko Kiangamo palikuwa na mfinyanzi, jina lake Nakijwa, mama wa binti mmoja, Nanzia. Huyo Nakijwa hakuwa mtu wa kutulia. Akiketi, anainuka. Akiinuka, anaketi. Akiweka udongo, anashika maji. Akishika maji, anakumbuka kuni. Akifika kwenye kuni, kashasahau alichofuata. Miaka yote ilikuwa tabia yake tu, watu wakamzoea. Lakini msimu ninaousema ilikuwa hofu, na hofu ile ilikuwa na sababu.

Nanzia alikuwa anaolewa.

Sasa sikilizeni desturi ya Kiangamo, na asicheke mtu kabla sijamaliza. Siku ya harusi, mwali aliketishwa juu ya kigoda katikati ya uwanja, juani, mbele ya ukoo wa mume. Haongei, hajipepei, hajikuni. Jua linapanda, yeye yuko pale pale. Kisha mama wa mume anakuja na kitambaa cheupe, anampangusa uso. Anakwenda, anarudi, anampangusa tena. Anakwenda, anarudi jua likiwa utosini, anampangusa mara ya mwisho. Kitambaa kikitoka kikavu, vigelegele! Kikitoka kimelowa, mwali anarudishwa kwao, na aliyerudishwa hakuposwa tena. Kwa maana watu wa Kiangamo waliamini kuwa jasho ni wasiwasi wa moyo unaotafuta pa kutokea. Mwanamke wa jasho, walisema, hakai na mume, hakai na siri, hata maharage mekoni hayangoji yaive.

Mtaniuliza, "Sasa Bibi, waliopita walipitaje?" Eeh! Waliozwa msimu wa baridi, au siku ya mawingu. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

Harusi ya Nanzia ikaangukia mwezi wa joto kuliko yote. Baba wa bwana harusi, Mzee Sempoli, alikuwa kitandani na homa isiyokubali kushuka, naye alitaka kumwona mkaza mwanawe kabla hajafumba macho. Nani angemwambia mgonjwa asubiri mawingu?

Na Nanzia, maskini, alikuwa mtoto wa jasho. Akila ugali wa moto, pua inalowa. Akicheka sana, mdomo wa juu unalowa. Lakini moyo wake ulikuwa umetulia tuli, tena ndiye aliyekuwa akimbembeleza mamaye.

"Mama, kaa."

"Nitakaaje?" Nakijwa alimjibu, keshainuka. "Nitakaaje, mwanangu, na shangazi yako alirudishwa akazeekea kizingitini kwa babu yako?"

"Sekiete ananitaka hivi nilivyo."

"Sekiete siye mwenye kitambaa!"

Hapo alisema kweli. Mwenye kitambaa alikuwa Nambua, mama yake Sekiete, mwanamke safi, mwenye maneno makali na mikeka isiyo na doa. Naye Nambua alikuwa na mtungi alioununua kwa Nakijwa. Siku moja, harusi haijakaribia bado, akaurudisha ameukumbatia kama mtoto mtukutu.

"Mkwe," akasema, "mtungi wako unatoka jasho. Tazama tumbo lake. Mkeka wangu umeoza chini yake. Kwani nyumba hii hata mitungi haitulii?"

Neno lile lilimchoma Nakijwa mpaka kwenye mfupa. Nambua alipoondoka, akachukua nta ya nyuki, akaiyeyusha na mafuta ya mbarika, akausugua mtungi nje kote, shingo, tumbo na kitako, mpaka ukang'aa. Akautia maji. Akaketi, akainuka, akaupapasa. Mkavu. Akaketi, akainuka, akaupapasa. Mkavu! Akapiga kigelegele peke yake uani, kuku wakatawanyika.

Maji yenyewe hakuyaonja. Mtu wa haraka haonji. Akautuma mtungi kwa mwenyewe, akabaki ameikodolea macho nta iliyosalia chunguni.

"Kilichofunga jasho la mtungi," akajiambia, "kitashindwaje na paji la uso la mtoto?"

Mmeanza kunong'onezana. Kaeni kimya, mtaniharibia.

Siku ikafika. Alfajiri Nakijwa akampaka binti yake, uso, shingo, mikono, mgongo, miguu, hakuacha hata nyuma ya masikio.

"Mama, nta hii inanibana."

"Vumilia. Ni ya leo tu."

"Ni kama nimevalishwa ngozi ya mtu mwingine."

"Vumilia, Nanzia, nakuomba, usinitoe roho."

Alipotokea uwanjani, watu walishika vinywa. Mwali aling'aa kama kitu kilichotoka majini! Akaketi kigodani, macho chini, mikono mapajani. Wanawake wakaanza kuimba, wakipiga makofi:

*Tulia, mwali, tulia,*
*jua nalo litapita;*
*aliye mkavu ni wetu,*
*aliyelowa ni wa kwao.*

Nambua akaja na kitambaa, akapangusa. Akakiinua juu. Kikavu! Vigelegele vikapanda hadi milimani. Nakijwa aliketi, akainuka, akaketi, akajifuta viganja kwenye nguo, na viganja vikalowa tena.

Hapo niwaambie jambo. Viganja vya Nakijwa vililowa kwa hofu, na hilo ni kweli, hofu ina jasho lake, na hupenda viganja na kwapa. Ndiyo maana mwizi akishikwa mkono huteleza. Lakini jasho la paji la uso na la mgongo mtu akiwa juani ni jingine, na lina kazi nyingine. Watu wa Kiangamo waliyatia yote kapu moja, wakafunga, wakakalia.

Jua likapanda. *Tulia, mwali, tulia.* Nambua akaja tena, akapangusa, akainua kitambaa. Kikavu! Wazee wa ukoo wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee Sempoli, aliyekuwa amelazwa kitandani pale mlangoni ili aone, akanyanyua kidole kimoja.

Lakini Nakijwa alikuwa amekaza macho kwa mwanawe. Nanzia alihema haraka haraka. Midomo ilikuwa imekauka na macho yalitazama mahali pasipo na mtu.

"Oneni alivyotulia," mwanamke mmoja akasema.

Hakutulia! Mama anajua mtoto wake anavyotulia. Nakijwa akainuka, akaketi, akainuka, mpaka Nambua akamvuta nguo akae, akajibana karibu naye, uso umejaa furaha.

"Hongera, mkwe. Binti yako mkavu kama ule mtungi." Kisha akacheka kidogo. "Ila nikwambie? Mtungi umeacha jasho kweli, lakini na ubaridi nao umeuacha. Ulipokuwa ukiniozesha mkeka, maji yake yaliuma meno. Sasa ni vuguvugu kama ya kumkandia mzazi. Mgonjwa wangu akiomba maji baridi, namtafutia kwa jirani."

Nakijwa akamgeukia mwanawe kigodani. Alihisi kama ardhi imehama.

Nyie, hebu rambeni nyuma ya mkono. Rambeni, mate ni yenu wenyewe, mnaona kinyaa gani? Sasa pulizeni. Mmesikia ubaridi? Mate yanakauka, na yanapokauka yanaondoka na joto la mkono. Udongo wa mtungi nao una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya humo kidogo kidogo, upepo huyachukua, nayo hayaondoki mikono mitupu, huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ziba vitundu, na joto litakaa humo humo. Nakijwa alikuwa amefinyanga maisha yake yote bila kulijua hilo. Alilijua pale, kwa mkupuo mmoja, mwanawe akiwa amezibwa kuanzia utosini hadi kisiginoni.

Akainuka. Na baada ya kuinuka, wajukuu zangu, akaketi tena.

Naam, akaketi! Msimhukumu haraka. Alikuwa anafikiri: kumebaki kupanguswa mara ya mwisho. Akinyamaza, mwanawe ameolewa. Akisema, mwanawe amerudishwa, na yeye mwenyewe ataitwa mwongo mpaka kaburini. Labda atavumilia. Kidogo tu. Labda litapita wingu. Akatazama juu, hapakuwa na wingu hata la kuazima.

Nanzia akatabasamu peke yake, akasema kwa sauti ya kitoto, "Shangazi, nisogezee mlango," na shangazi huyo alikwishakufa zamani. Kisha akainama upande kama nyumba iliyoliwa na mchwa.

Nakijwa aliruka. Alimdaka kabla hajagusa chini, na ngozi ya mtoto ilikuwa ya moto kama chungu kilichotoka kuchomwa.

"Maji!" akapiga ukelele. "Leteni maji! Nimempaka nta! Mwanangu nimemziba kwa nta!"

Nyimbo zikakatika. Nambua akasimama, kitambaa mkononi.

"Umefanya nini?"

"Nimekudanganya, mkwe. Nitukane kesho. Leo nipe maji."

"Umenidanganya mbele ya ukoo wangu! Mchukue, nenda naye kwenu, na jasho lake!"

Wengine wakaanza kuguna, wengine wakaanza kukunja mikeka. Nakijwa akainua uso, machozi yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza watu walimwona ametulia, hata kope hazikucheza.

"Nambua," akasema, akaacha hata kumwita mkwe, "mumeo akiwaka homa, unaomba nini? Unaomba jasho! Kila asubuhi unampapasa shingoni kutafuta hata tone, na likitoka unakimbia nyumba kwa nyumba: homa imeshuka, homa imeshuka! Ni jasho lile lile. Kwa mumeo ni dawa, kwa mwanangu ni aibu?"

Waliokuwa wakikunja mikeka wakaiacha. Kisha ikasikika sauti hafifu kutoka kitandani pale mlangoni.

"Nambua," Mzee Sempoli akasema, "mpepee mtoto. Mimi nalijua joto la kufungiwa ndani."

Nambua alisimama bado kidogo, maana kiburi hakishuki kwa kukimbia. Halafu akakitosa kile kitambaa cheupe kwenye ndoo, akaja nacho kinachuruzika, akamfunika Nanzia kifuani. Akanyakua ungo, akaanza kupepea. Wanawake wakambeba mwali kivulini. Huyu anakwangua nta kwa kigae, yule anasugua kwa majivu, mwingine anamwagia maji, na nyungo zinapepea, fya, fya, fya. Sekiete alikuwa kisimani na kurudi, kisimani na kurudi, hakungoja kutumwa. Nguo iliyolowa ikafanya kazi ambayo ngozi ilikatazwa kuifanya.

Nakijwa akakwangua na kuita, akakwangua na kuita. "Nanzia! Nanzia wangu!" Kimya. Akakwangua. "Nanzia!" Kimya. Watoto, kuna kimya kizito kuliko mawe, Mungu awaepushe nacho.

Baadaye sana, jua limeanza kuinama, juu ya pua ya Nanzia yakachomoza matone madogo madogo kama chembe za mtama. Nakijwa akayaona. Hakuyapangusa. Akaweka shavu lake juu ya shavu la mwanawe na kulia kwa sauti, bila haya, watu wote wakimtazama.

Nanzia akafumbua macho. Wa kwanza kumwona alikuwa Sekiete, amesimama na ndoo, jasho linamtoka kichwani, linamtiririka shingoni, shati limemgandia mgongoni, na kidevuni linadondoka, tone, tone, tone.

Nanzia akamtazama sana. Kisha akamgeukia mama mkwe, na kwa sauti iliyokauka akauliza:

"Na huyu, mama, nani atampangusa?"

Haaa! Uwanja mzima uliangua kicheko, hata Mzee Sempoli alicheka akakohoa. Nambua peke yake hakucheka. Alimtazama mwanawe kuanzia nywele hadi kwenye dimbwi dogo miguuni pake, kijana aliyemlea mwenyewe, aliyemsifia kwa utulivu kila nyumba. Tangu Kiangamo iwe Kiangamo, hakuna aliyewahi kufikiria kumpangusa bwana harusi. Akaweka ungo chini, akaenda katikati ya uwanja, akakiokota kigoda, akakivunja kwa kukipiga juu ya jiwe. Kisha akarudi, akamwinua mkaza mwanawe kwa mikono yake miwili, wakaingia ndani wote wawili wamelowa.

Wajukuu zangu, mwili una akili yake, hauulizi kwanza kama kuna wageni. Msikionee haya kinachowaokoa, wala msimzibe mtu ili apendeze mbele za watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Nakijwa alikaribia kuumbuliwa kwa mtoto wake wa pekee.

Kisa nimekifikisha mlangoni kwenu. Atakaye akikaribishe, asiyetaka akifukuze, mimi kurudi nacho siwezi, kizito. Na mkionja humo ndani chumvi, si yangu, ni ya Nanzia.