Kiapo cha Shamba la Siku Moja

Waliotutangulia wametusimulia kwamba hapo kale, huko Marekani, katika jimbo ambalo wenye ardhi peke yao ndio waliomchagua gavana, aliishi mcha Mungu mmoja aitwaye Azaria. Ardhi hakuwa nayo. Alilima shamba la Bwana Pelham na kumgawia nusu ya mavuno, na hata nyumba aliyolala na mkewe Dorkasi ilikuwa ya Pelham.

Basi uchaguzi ukafika, na shemeji wa Pelham akautaka ugavana. Pelham akawaita wakulima wake, akampa kila mmoja hati ya shamba analolima.

"Kesho mtaapa kwamba ardhi ni yenu, mtamtaja shemeji yangu, na jioni mtanirudishia hati zangu. Asiyetaka, ahame na sufuria zake."

Azaria akarudi nyumbani ameghadhabika. Mahindi yake yalikuwa yameanza kubeba. Akaitupa ile hati mezani.

"Anataka nimfanye Mola shahidi wa uongo wake!"

"Kasirika, mume wangu, ni haki yako," akasema Dorkasi. "Lakini usiape, wala usikimbie. Muulize ardhi ni ya nani. Muulize mbele za watu."

Asubuhi uwanja wa mahakama ukajaa. Zama hizo hapakuwa na kura ya siri: mtu alipanda ngazi, akaweka mkono juu ya Kitabu, akaapa, akamtaja amtakaye kwa sauti. Chini palikuwa na pipa la pombe ya bure. Azaria akawaona jirani zake, watu aliosali nao, wakipanda, wakiapa uongo, wakishuka mbio kwenye pipa. Damu ikamchemka.

Zamu yake ikafika, na mkono hakuuweka.

"Mzee, mkono umekufa ganzi?" mlevi mmoja akamdhihaki. "Mpeni kikombe aupashe moto!"

Watu wakaangua kicheko. Azaria akamgeukia Pelham.

"Bwana, mimi sichezi na jina la Mungu. Nikiapa leo kwamba shamba ni langu, litakuwa langu kesho na kesho kutwa. Sema hapa hapa: ni langu au si langu?"

Hakimu aliyesimamia viapo akainua kichwa.

"Jibu, Bwana Pelham. Kama si lake, basi na wale wengine wameapa uongo, na aliyewatuma nitamfunga."

Pelham akawa mwekundu kama nyanya. Shemeji yake akamfinya mkono.

"Ni lake," akasema Pelham.

"Kesho pia?" akauliza Azaria.

"Kesho pia, we mzee mkorofi! Ni lake!"

Hapo ndipo Azaria alipoweka mkono juu ya Kitabu, akaapa kweli tupu, kisha akamtaja mpinzani wa yule shemeji.

Shemeji akapata ugavana vilevile, kwa viapo vya wale wengine. Azaria akabaki na hati yake, lakini wao jioni ile wakazirudisha zao, vichwa chini. Nani angesimama kudai kuwa ni kweli jambo aliloliapia akijua ni uongo?

Ndugu waumini, mwenye nguvu akikutaka uape, mtake kwanza yeye ayaseme maneno hayo hadharani. Hasira ya Azaria Mungu hakuizima. Aliipa swali la kuuliza.