Mwalimu na Jiwe la Kaburi

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Najua mmechoka, hata mimi nimechoka. Basi nitawasimulia habari za mtu aliyechoka kutuzidi sote.

Alikuwa mwalimu wa sekondari, na roho yake yote ilikuwa kwenda chuo kikuu kusomea shahada ya pili juu ya Wakristo wa kale. Mnadhani mchezo? Alianza na Kiyunani. Alipokimaliza akaambiwa bado Kilatini. Alipokimaliza nacho, akaambiwa kuna Kikopti, lugha ya Wakristo wa kale wa Misri. Miaka sita, jamani! Mara mbili aliomba nafasi, mara mbili akakataliwa. Hii ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, maana umri ulishamtupa mkono.

Kila jioni akitoka shule, macho mekundu, alikaa jikoni karibu na mkewe, akisoma kwa sauti maandishi ya jiwe moja la kaburi, kwanza kwa Kikopti, kisha kwa Kiswahili: "Mimi ni Taisia. Wewe unayesoma, niombee." Alisoma mpaka akayakinai.

Siku ya usaili akapewa maandishi ya jiwe lilelile. Akasoma bila kukwama. Akaeleza karne, akaeleza mwandiko. Profesa, mama wa makamo, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri. Na huyu Taisia anataka nini?"

"Anataka kuombewa."

"Ulimwombea?"

Mwalimu wa watu akayatazama tena yale maandishi. Miaka sita yote, swali hilo hakulitegemea.

Akarudi nyumbani hoi, akajibwaga kwenye kigoda. "Mke wangu, nadhani nimeshindwa. Wameniuliza kama nilimwombea yule Taisia."

Mkewe akaacha kumenya ndizi. "Baba Gaudensia, kwani wewe humwombei? Mimi namwombea kila siku. Si ulisema anaomba?"

Sasa msimcheke mwalimu. Sisi je? Litania tunaimba huku tunapiga miayo. Masomo ya misa tunasoma vizuri, hata nukta haturuki, halafu tunafunga kitabu tunakwenda kunywa chai. Yule mama hajui hata herufi moja ya Kikopti. Alisikia mtu anaomba, akaitika.

Wiki hii nani alikuambia "niombee," ukamjibu "haya, nitakuombea"? Mimi waliniambia watatu, na mpaka sasa sijamwombea hata mmoja. Tupige magoti.