Kata Moja, Kisima Kimoja

Sogeeni. Anayetaka kubisha angoje nimalize, maana kesi hii nimeisikiliza mara nyingi na nimechoka nayo.

Kitopeni palikuwa na watu watatu wenye vipawa. Sheikh Mbaruku alikuwa na sauti: akisema "tulieni," hata mbuzi wanatulia. Mchungaji Elikana alikuwa na ndoto: akisimulia alichoota, watu wanaahirisha safari. Bi Zamoyoni, mpishi wa misiba yote, ya Waislamu na ya Wakristo, alikuwa na neno: tangu azaliwe hakuna aliyemshika na uongo.

Kitopeni haikuwa na maji. Watu walichota lamboni, ng'ombe wakinywa papo hapo. Mwaka ule mtoto wa mama mmoja aitwaye Tatu, jirani yake Bi Zamoyoni, aliharisha siku mbili. Ya tatu wakamzika.

Wiki hiyohiyo akaja mgombea. Ijumaa alikuwa Twalibu, Jumapili alikuwa Ponsiano. Jumatatu sijui. Akamfuata kila mmoja wa wale watatu kivyake: "Nisemee kwa watu wako. Nikishinda, kisima nakuchimbia uani kwako." Na kisima cha uani, jamani, kina geti, na geti lina ufunguo.

Sheikh akamkalisha safu ya mbele, akawaambia waumini, "Huyu ni ndugu yetu katika imani." Mtaa wa juu wote ukampa kura.

Mchungaji akasimama madhabahuni: "Nimemwona ndotoni, ameshika taa." Mtaa wa kanisani wote ukampa kura.

Bi Zamoyoni hakusimama popote. Kwenye matanga ya mtoto wa Tatu wanawake walimuuliza, "Bi Zamo, huyu mtu ana hofu ya Mungu kweli, au ndio walewale?" Akajibu, "Mimi nimemwona analia, kwa macho yangu haya." Mtaa wa bondeni wote ukampa kura.

Akashinda kwa kura thelathini na saba. Ungemtoa yeyote kati ya wale watatu, angeanguka.

Miaka minne, kimya. Wa tano, uchaguzi ukinukia, likaja gari la kuchimba visima. Moja. Fundi wake, Lugome, akampigia Mheshimiwa simu kuuliza achimbe uani kwa nani kati ya watatu, watu wote wanasikia.

"Nipeni jina moja tu, msinisumbue," Mheshimiwa akasema. "Mungu atawaongoza." Simu ikakatika.

Kitopeni kuna desturi. Kabla ardhi haijatobolewa, mwenye kisima humwaga kata ya maji mahali pale na kutamka mbele ya watu jinsi alivyokipata. Akidanganya, maji hutoka ya chumvi. Viko viwili vya namna hiyo, hata mbuzi hawavisogelei.

Sheikh akaishika kata. "Ijumaa ile nilimwona akilipita birika bila kutia udhu," akasema, na sauti yake safari hii haikufika mbali. "Nikanyamaza. Nikamweka mbele."

Mchungaji akaipokea. "Sikuota kitu. Nilikesha na jino."

Mtu mmoja akacheka, halafu akatazama chini.

Bi Zamoyoni akaipokea. "Alilia, hilo ni kweli. Alikuwa amekaa karibu na sinia langu, namenya vitunguu vya msiba."

"Na ulijua?" Tatu akamuuliza.

"Nilijua, mwanangu. Nilitaka maji."

"Sote tulitaka maji," Sheikh akasema. Mchungaji akaitikia kwa kichwa.

"Basi chimba njia panda," mzee mmoja akasema, "kila mtu achote."

"Karatasi yangu ina majina matatu, nimeambiwa nifute mawili," Lugome akajibu. "Njia panda haimo. Na saa kumi na moja naondoka, kuna vijiji vinaningoja ambavyo havina maneno mengi kama ninyi."

Wakabishana mpaka wakaishiwa. Mwishowe mtu akasema, "Achague aliyezika." Wakampa Tatu kata. Mgongoni ana mtoto wa pili, na mtoto huyo naye ameanza kuharisha.

Msiniambie kisima wapewe wote; nimeshawaambia ni kimoja. Msiniambie asipewe hata mmoja. Huyo mtoto atakunywa nini? Na msiniambie wangoje uchaguzi. Mheshimiwa ameshatuma salamu, Ijumaa anakuja kuswali, Jumapili ana sadaka ya shukrani.

Mmoja aliona akanyamaza. Mmoja hakuona akasema. Mmoja aliona, akasema alichokiona.

Lugome ameshawasha mashine. Wewe ndiye Tatu, kata iko mkononi mwako. Unampa nani?