Bakuli la Bi Kazija

Hapo zamani, na nikisema zamani nina maana kabla unga haujaanza kuuzwa kwenye pakiti, alikuwako mama mmoja mwoka mikate, jina lake Bi Kazija. Alioka mikate ya mofa, ya unga wa mtama, katika tanuri la udongo nyuma ya nyumba yake. Watu walivuka vijito viwili kuifuata. Mnadhani siri ilikuwa tanuri? Hapana. Unga? Hata. Siri ilikuwa ndani ya bakuli la mti.

Humo ilikaa chachu, donge la unga uliochacha, kubwa kama ngumi. Kila jioni Bi Kazija alilikanda pamoja na unga mpya. Kila alfajiri, kabla mkate wa kwanza haujaingia tanurini, alikata ngumi moja akairudisha bakulini kwa ajili ya kesho. Hivyo alifanya mama yake, na hivyo alifanya bibi yake. Donge lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko nyumba, na lilikuwa hai, wallahi lilikuwa hai! Ukitega sikio ulilisikia likipumua.

Wanawake watatu walimsaidia. Mize, bintiye wa kumzaa, aliuza mlangoni. Zuhura, mjane wa mwanawe, alikanda. Chausiku, aliyeajiriwa, alichota maji na kuosha vyombo.

Siku moja Bi Kazija akaenda msibani, akakaa huko siku tatu. Nyuma yake likaja agizo la harusi ya binti wa liwali: mikate mia saba. Mize akalikubali papo hapo. Wakakanda, wakaoka. Wakakanda, wakaoka. Mwishowe ikapungua mikate sita, na unga uliochacha umekwisha. Mize akatazama huku, akatazama kule, akalitoa donge la kesho bakulini, akalioka.

Harusi ikafana. Asubuhi yake bakuli likawa tupu.

Bi Kazija aliporudi hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alilipakata bakuli, akalia kimya kimya. Kisha akasema, "Unga mpya utachacha, najua, lakini hautakuwa huu. Nani atavuka vijito viwili kufuata mkate wa kila mahali? Mimi nimezeeka. Atakayeirudisha chachu hii, bakuli ni lake, tanuri ni lake, mlango ni wake. Siku saba zikipita haijarudi, nalibomoa tanuri, na kila mtu ashike njia yake."

Zuhura akafunga kanga akaondoka. Kwani miaka mitano nyuma alikuja Bi Mkasi, mwanamke wa ng'ambo ya mlima, akaomba chachu ili naye aanze kuoka, na Zuhura akammegea. Lo! Mize alimnunia miezi mitatu. "Unampa mshindani wetu uhai wetu?" Sasa Zuhura akatembea siku mbili. Bi Mkasi alipomwona akamkumbatia. "Nitakunyima vipi kilicho chako, mwanangu?" Akammegea. Zuhura akalifunga lile donge tumboni, akarudi siku mbili nyingine juani. Alipofika, donge limelegea, halitoi hata povu.

Chausiku hakwenda popote. Bakuli lile lilikuwa na ufa, na kila siku aligombezwa kwa kutousugua vizuri. Akachokoa ufani kwa ncha ya kijiti, akapata ukoko mkavu wa chachu, usiozidi ukucha. Akauloweka kwa maji ya uvuguvugu, akaulisha unga chembe kidogo asubuhi, chembe kidogo jioni, akaufunika kwa kilemba chake. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, ya nne, kimya. Siku ya tano likatokea povu moja. Moja tu, jamani! Chausiku akapiga magoti.

Na Mize? Mize alisimama mlangoni. Wateja walipokuja aliwaambia, "Hakuna mkate. Mimi ndiye niliyeioka chachu, kwa tamaa yangu. Njooni kesho niwaambie ilipofikia." Siku ya kwanza wakamcheka. Ya pili wakamtukana. Ya tatu akaja mchuuzi na kapu: "Chukua mikate yangu, uza kwa jina lenu, hawatajua." Mize akamrudishia kapu lake. "Kama hawatajua," akasema, "basi mama yangu amejisumbua bure maisha yake yote." Maneno yale yakazunguka mtaa mzima. Siku ya sita foleni ilikuwa ndefu kuliko siku za mkate.

Jioni hiyo Bi Kazija akatazama donge la Zuhura, dhaifu. Akatazama uji wa Chausiku, kidogo mno. Pasipo kumuuliza mtu akavimimina vyote bakulini, akatia unga, akakanda, akafunika.

Alfajiri ya siku ya saba walikuta kitambaa kimeinuka. Unga ulikuwa umevimba hadi ukingoni, na bado ulikuwa unapanda, taratibu, mbele ya macho yao. Harufu ya kale ikatoka hadi mlangoni. Watu kwenye foleni wakasogea. Wazee wakavua kofia. Hata yule mchuuzi, na kapu lake, alisimama mdomo wazi.

Ndipo maneno yakaanza.

"Bakuli ni langu," alisema Zuhura. "Nilipanda mbegu yetu nje wakati mnanitukana. Ningeificha kama nyinyi, ningeifuata wapi leo?"

"Yako ilifika hoi," alisema Chausiku. "Na miaka mitano imelishwa unga wa nyumba nyingine. Yangu haikutoka humu hata siku moja. Nimeilea mimi, na mimi ndiye nisiye na kwa kwenda."

"Nyote wawili," alisema Mize, "mngemwokea nani? Kosa ni langu, nimelisema siku zote hizi hadharani. Lakini tazameni foleni ile. Nani aliishika isiende kwingine?"

Bi Kazija akawageukia watu. "Mkate huu ni wenu pia. Semeni nyinyi." Wakaanza kubishana, huyu akimtaja mmoja, yule akimtaja mwingine.

Sasa mbona mnanitazama mimi? Wala msiniambie bakuli ligawanywe. Bi Kazija alikwisha kusema kuwa bakuli likipasuliwa mara tatu ni kuni. Tanuri limeshika moto, watu wana njaa, na ngumi ya kesho bado haijakatwa. Ni mkono mmoja tu utakaoikata. Je, mkono huo uwe wa nani?