Redio ya Benchi la Bonde Rangers

Bao la redioni halitikisi nyavu. Mmelisikia neno hilo jana uwanjani, wajukuu zangu, na mnataka kujua limetoka wapi. Chanzo chake nakijua, maana nilikuwepo.

Mwaka ule ligi kuu ilikuwa na timu kumi na nne, na mbili za mkiani zilishuka daraja. Mimi nilikuwa meneja wa Bonde Rangers. Hadi siku ya mwisho timu moja ilikwisha kushuka. Ya pili ingekuwa sisi au Nyota ya Ziwa. Sisi tulikuwa na pointi ishirini na nane, wao ishirini na saba. Tukishinda, tumepona. Tukitoka sare, tungepona endapo tu Nyota hawakushinda.

Mechi zote zilianza saa kumi kamili. Redio ilitangaza mechi moja tu, ile ya kuwania ubingwa. Viwanja vingine vilitajwa kwa kupita. Nilikaa benchi na redio ndogo sikioni, kama walivyofanya mameneja wengi wakati huo.

Dakika ya sitini, sisi bado bila bila, mtangazaji akasema Nyota wamefungwa mabao mawili kwa sifuri. Nikamwambia kocha wetu, Hamdun. Papo hapo akamtoa Chitenje, mfungaji wetu pekee wa kutegemewa, akaingiza beki. Yalikuwa mabadiliko yetu ya mwisho.

Nahodha, Erasto Mbwilo, akasogea hadi kwenye mstari.

"Kocha, unamtoa Chitenje? Hatujafunga hata moja!"

"Sare inatosha, nahodha. Wenzetu kule wameshazikwa."

"Nani kasema?"

"Redio ya meneja."

Erasto akanigeukia. "Kaka Ngwali, hiyo redio umeisajili lini? Inavaa jezi namba ngapi?"

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka.

Tukarudi nyuma, tukawa tunapoteza muda kwenye vibendera vya kona. Kwa zaidi ya dakika ishirini na tano redio haikuwataja tena Nyota. Ubingwa ulikuwa haujapata mwenyewe, na mtangazaji hakuwa na nafasi ya timu za mkiani. Mimi nikauchukua ukimya ule kuwa hakuna kilichobadilika. Hilo ndilo kosa langu.

Dakika ya themanini na nane akawataja. Nyota walikuwa wanaongoza mabao matatu kwa mawili.

Nilipiga kelele. Erasto akapanda mbele yeye mwenyewe, beki wa kati aliyekuwa hajafunga bao msimu mzima. Tukapata kona mbili. Ya pili aliifikia kwa kichwa, mpira ukapita juu ya mwamba. Filimbi ikalia. Sisi pointi ishirini na tisa, Nyota thelathini.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyenigombeza. Redio ilikuwa bado inasema mkononi mwangu, ikirudia matokeo. Erasto alikuwa anafungua kamba za viatu.

"Izime, kaka," alisema. "Bao la redioni halitikisi nyavu."

Chitenje alilibeba neno hilo hadi mtaani, na mtaa ukalifanya methali. Bonde Rangers ilikaa miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi ligi kuu.

Redio ile ninayo hadi leo, na inafanya kazi. Siku ile haikusema uongo hata mara moja: Nyota walifungwa kweli mabao mawili. Ila yalifungwa kwenye uwanja wa watu wengine, na kwenye uwanja wetu sisi tulikuwa bado na dakika thelathini za kucheza. Bao la redioni halitikisi nyavu.