Lakini za Binti Ngedere

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, tembo walipokuwa bado wanasuka mikeka, palikuwa na fundi mmoja, Bi Tembo. Masikio mapana kama nyungo, ila kazi ya hayo masikio ilikuwa kufukuza nzi tu!

Mwanafunzi wake alikuwa binti Ngedere. Kila akisuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa ukawa mkeka, unapinda. Nyoka angeuona angesema, "Huyu ndugu yangu!"

"Lakini Bibi..."

"Hakuna cha lakini!" Bi Tembo akadakia. "Mkono wa kulia utangulie! Mimi nilipokuwa mwali kama wewe nilisuka pima tatu kabla ya staftahi!"

"Lakini..."

"Nyamaza! Kesho ukipinda tena, funga virago urudi kwenu."

Ngedere akaenda nyuma ya nyumba, kwi! kwi! kwi! Atarudi vipi, na mama yake ameshatangazia majirani wote kwamba binti atakuwa fundi?

Kindi akamsikia. Akashuka kutoka paani, akaketi kando yake. Hakumpa ushauri. Alisema tu, "Ehe?" Ngedere akamwaga yote ya moyoni.

Asubuhi, pu! Kindi huyo mbele ya Bi Tembo, na kapu lililofunikwa.

"Shikamoo Bibi! Karanga hizi. Ngedere akieleza habari ya ukili wake, wewe hesabu 'lakini' zake. Ukipatia, karanga zako. Ukimkatiza, umekosa."

"Marahaba. Mimi nishindwe kuhesabu? Karanga za bure hizo!" Akasimamisha masikio, paa!

Ngedere akaanza. "Najitahidi, Bibi, lakini miyaa inanikataa."

Moja.

"Natanguliza wa kulia, lakini mkono wangu wenye nguvu ni wa kushoto."

Mbili. Bi Tembo akafungua mdomo, akalikumbuka kapu, akaufunga, fwap!

"Nilitaka kukwambia, lakini niliogopa. Nilipokuwa mdogo shangazi aliufunga mkono huu kwa kamba, eti wa kushoto una nuksi. Nililia, lakini hakuifungua. Alama yake hii hapa, Bibi."

Bi Tembo akainama, akaitazama ile alama.

"Lakini ngapi, Bibi?" Kindi akauliza.

"Ebo! Niache na hesabu zako! Zimenipotea kwenye kamba." Chozi likadondoka, to! "Pole, mwanangu. Siku zote hizo napiga kelele tu! Hebu tanguliza wa kushoto."

Ukili ukatoka umenyooka, tii! Ngedere akacheka, akamrukia Bi Tembo shingoni. "Ahsante, Bibi!"

"Mshukuru huyu mjanja. Kindi, ingawa nimeshindwa, nionjeshe karanga."

Kindi akafunua kapu. Maganda matupu!

"Umenipata, we mtoto!" Bi Tembo akacheka mpaka vyungu vikagongana jikoni. "Ahsante kwa maganda yako."

Mkeka wa kwanza wa Ngedere ulikuwa mdogo kama kiganja. Alimpa Kindi aulalie.

Basi wajukuu zangu, ukitaka kumfundisha mtu, kwanza mwache amalize lakini yake.