Afunikaye Chungu Hafiki Korongoni

Afunikaye chungu hafiki korongoni. Mchana huu mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Elinami, alipoacha jiko linawaka bure huku akichezea simu, nanyi mkacheka, mkauliza chungu na korongo vinahusiana nini. Haya, sogezeni hizo nyungo tuendelee kuchambua maharage, maana mikono hufanya kazi huku masikio yakisikiliza. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Zamani, huku huku milimani Upare, katika kitongoji cha Kwa Mfinga, watu walisalimiana kwa moshi kabla ya kusalimiana kwa mdomo. Mtu akitoka nje asubuhi, kwanza alitazama mapaa ya jirani. Paa likifuka moshi, wenyewe wazima. Lisipofuka, ama kuna njaa ama kuna maiti, na watu watakuja kuuliza. Kwa hiyo mwanamke mwenye kujiheshimu hakuacha moto wake uzimike mchana kutwa, hata kama mekoni hakuna kitu. Na chungu kilipikwa wazi. Kukifunika kulihesabiwa uchoyo, kana kwamba unamficha mgeni chakula. Basi makande, nanyi mnajua mahindi makavu yalivyo na kiburi, yalitokota wazi tangu umande haujakauka hadi jua la utosi, na kuni zikateketea.

Kuni zenyewe mwanzoni zilikuwa nyuma ya nyumba. Baadaye zikawa ng'ambo ya kijito. Mwisho pakabaki mahali pamoja tu, Korongoni, bonde jembamba lenye kingo kali ambako wazee walikataza mtu asikate mti. Watu wakakata. Miti ilipokwisha wakaanza kung'oa visiki, maana kisiki huwaka polepole na moshi wake ni mzito, unaonekana mbali. Hakuna aliyejiuliza kisiki kilikuwa kimeshika nini.

Katika kitongoji hicho aliolewa binti mmoja, Nakijwa. Mumewe, Mbonea, alikuwa amekwenda tambarare kukata mkonge, akamwacha mkewe mjamzito pamoja na mavyaa wake, Mama Mbonea, na wifi yake, Namsifu, msichana mwenye maneno mengi na miguu myepesi. Waliishi vizuri. Mama Mbonea hakuwa mkali hata kidogo, ila alikuwa mjane, na mjane huogopa midomo ya watu kuliko mtu mwingine yeyote.

Nakijwa aliogopa Korongo. Hakuwa mwoga wa nyoka wala wa giza, aliogopa sauti ya pale. Ukisimama kimya ukingoni, ulisikia vichangarawe vikiteremka vyenyewe, tiririri, kisha kimya, kisha tiririri tena, na hakuna mtu aliyevikanyaga. Kila alipobeba kuni kurudi, sauti ile ilirudi naye. Akiwa anachota maji aliisikia. Akiwa anasonga ugali aliisikia, mpaka anasimamisha mwiko kutega sikio. Wiki chache nyuma, jirani yao Mama Kangero aliliacha jembe lake ukingoni akageuka kufunga mzigo, na alipogeuka tena hapakuwa na jembe wala ile ardhi alipolilaza. Mama Kangero alilisimulia kama kichekesho. Nakijwa hakucheka.

Siku moja akapata ujasiri akamweleza mavyaa wake namna walivyopika kwao. Mama yake alilowesha mahindi na maharage usiku kucha, akayachemsha asubuhi kwa muda, na chungu kikiwa bado kinatokota akakifunika, akakizika ndani ya tenga lililoshindiliwa majani makavu ya migomba, juu akaweka blanketi kuukuu. Moto akauzima. Akirudi shamba, makande yameiva yenyewe kwa joto lake. Majani ya mgomba hayanunuliwi, wala tenga bovu halikosekani nyumbani.

Mama Mbonea alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba yote hayo ni mazuri, lakini paa lake halijapata kukosa moshi tangu mumewe azikwe, na hataki watu waje kumuuliza amefiwa na nani tena. Nakijwa akarudi kuchochea moto. Mke mgeni atasema nini?

Mvua za vuli zikaanza. Asubuhi moja, kuni zikiwa zimebaki za kuinjikia tu, mawifi wawili wakachukua jembe, shoka na kamba, wakaenda. Korongoni ukungu ulikuwa umejaa hadi ukingoni, hata chini hapaonekani. Kulikuwa na kisiki kimoja kikubwa cha mkuyu kilichobaki mteremkoni. Nakijwa akataka kuteremka, Namsifu akamzuia.

"Wewe na tumbo hilo utabiringika kama boga, wifi," akamwambia. "Kaa hapo unitajie majina ya mtoto, mimi nichimbe."

Akateremka akaanza kukata mizizi, huku akiyakataa majina yote kwa dhihaka, hili la mzee, hili la mbuzi. Nakijwa alicheka kidogo. Halafu akagundua kwamba ile sauti ya vichangarawe haipo. Alitega sikio, haipo kabisa. Korongo lilikuwa limenyamaza kama mtu aliyevuta pumzi akaishikilia.

"Wifi, panda juu."

"Umebaki mzizi m—"

Ardhi ikashuka. Haikutoa mshindo, ilinong'ona tu, kama gunia la mtama linapomwagwa. Alipoangalia, Namsifu alikuwa amezama tope hadi kifuani, kando ya kisiki, na tope lenyewe lilikuwa bado linatembea, taratibu, kuelekea chini kwenye ukungu.

Nakijwa alilala chali, akateleza kwa matako hadi kwenye kisiki, akamfunga wifi yake kamba chini ya makwapa, na ncha ya pili akaizungusha kwenye mizizi. Ndipo alipoona kilichomkata maini. Mizizi mingi ilikuwa imekwisha katwa. Ile michache iliyosalia ndiyo iliyowashika wote watatu, yeye, Namsifu na mtoto aliye tumboni, na kila pigo la shoka la asubuhi ile walikuwa wamejipiga wenyewe.

"Usiniache niende huko," Namsifu akasema. Maneno yake yote yalikuwa yamekwisha, yamebaki hayo.

"Siendi popote. Usijitikise."

Alipaza sauti mpaka ikamkauka. Ukungu uliimeza. Kule kitongojini mapaa yalifuka moshi, na kila aliyeyatazama alijua watu wote ni wazima. Mzizi mmoja ukalia, ukakatika.

Nyumbani, Mama Mbonea alikuwa akiunyima moto wake kuni, akiweka kijiti, akisubiri. Kijiti cha mwisho kikaisha. Akachochea majivu. Makande yakiwa bado mabichi, moto ukazimika, na kwa mara ya kwanza tangu ujane wake paa lile likakaa bila moshi. Haukupita muda Mama Kangero akaja, khanga kiunoni, uso wa msiba, na wanaume wawili nyuma yake.

"Mama Mbonea, kuna nini? Paa lako limetutisha."

"Hakuna kitu. Kuni zimechelewa. Watoto wamekwenda…" Na hapo akasikia neno alilokuwa anataka kulitamka. Akakaa chini kizingitini. "Wamekwenda Korongoni."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Walikimbia.

Waliwakuta. Mikono ya Nakijwa ilikuwa imechunika hadi nyama, kamba imeingia viganjani. Wanaume walishikana wakafanya mnyororo, wakamtoa kwanza mjamzito, kisha wakamfukua Namsifu. Kisiki kiliondoka mara tu baada yake, kikaingia kwenye ukungu, na hawakusikia kikifika chini. Mguu wa Namsifu ulivunjika vibaya. Alipona, lakini hakukimbia tena maisha yake yote, na yeye ndiye aliyekuwa na miguu myepesi.

Walipomlaza ndani, Nakijwa hakumwomba mtu ruhusa. Aliazima kaa la moto na ukuni mmoja, akachemsha tena yale makande, akafunika chungu, akakizika tengani kwa mikono iliyofungwa matambara. Mama Mbonea alimtazama. Kisha akainuka, akavua khanga yake ya juu, akaiongeza juu ya blanketi. Jioni wakala makande yaliyoiva.

Tangu hapo paa la nyumba ile lilifuka asubuhi kidogo tu, basi. Mama Mbonea alikandika udongo kuzunguka mafiga yake ili moto usitoroke ovyo, akapanda vipande vya mikuyu nyuma ya nyumba, na maji ya kuoshea vyombo akayamwagia hivyo vipande badala ya kuyatupa njiani. Majirani walisema. Mama Kangero akipita aliuliza kwa sauti kubwa kama siku hizi kwa Mama Mbonea wanakula mahindi mabichi kama kima. Mama Mbonea alijibu salamu tu.

Mvua ikaendelea. Adhuhuri moja, wakati wa kutoka kutafuta kuni, mlima ukanguruma. Vikombe vilitikisika, kuku wakajificha. Watu wakatoka nje, wakaona ukingo wote wa Korongo, tangu juu hadi chini, umekwenda, na mahali pake pamebaki jeraha jekundu linalotoa maji. Kila mwanamke aligeuza shingo kutafuta watoto wake, akiita majina kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kwamba hataitikiwa.

Mama Mbonea alitazama nyumba ya Mama Kangero. Mama yule alikuwa na mabinti wakubwa, na ndio waliokuwa wakienda Korongoni kila siku saa ile. Paa lake halikuwa na moshi. Akavuka ua mbio.

Mama Kangero akatokea mlangoni. Nyuma yake walisimama mabinti zake, wote. Vipande vya majani makavu ya mgomba vilikuwa vimemng'ang'ania nywele na mikono, na ndani, kwenye kona, kulikuwa na tenga lililofunikwa gunia.

Aliwatazama mabinti, akatazama lile jeraha mlimani, kisha akajifunika uso kwa khanga.

"Nilikucheka, mwenzangu," akasema mwishowe. "Leo ndiyo mara ya kwanza kuwaacha nyumbani. Ningekuwa nimeshikilia moshi wangu…"

"Usiimalize," Mama Mbonea akamwambia. Akamshika mikono, akaanza kumtoa yale majani nywelini, moja moja. "Afunikaye chungu hafiki korongoni."